Mama Sijaelewa Anaomba Ruhusa ya Kutoka

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kushika chaki, kumi na tisa kati yake akiwa Mwalimu Mkuu wa shule yetu hii ndogo, dada yetu mkubwa anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wanafunzi wanamwita Mama Sijaelewa. Sisi walimu pia tunamwita hivyo, ila baada ya kuhakikisha mlango wa ofisi yake umefungwa. Nimepewa mimi, mwalimu wa darasa la tatu, kuandika wasifu huu kwa sababu wenzangu wanadai ndimi niliyesumbuliwa kuliko wote. Ni kweli.

Alipofika, shule ilikuwa mahututi. Darasa la sita kulikuwa na watoto wasioweza kusoma aya moja bila kuwatazama wenzao midomoni. Vyoo vya wasichana havikuwa na milango, na vitabu vilifungiwa kwenye kabati kubwa visije vikachafuka. Ofisi ya elimu ilikuwa imeshatamka: hali isipobadilika katika miaka miwili, shule inafungwa, na watoto wetu wanahamishiwa shule kubwa ng'ambo ya barabara kuu, ile ambayo malori hupita kama yanafukuzwa. Hofu hiyo iliwanyima wazazi usingizi, nasi pia.

Tulitegemea aje na hotuba. Akaja na fundi seremala. Milango ya kabati la vitabu iling'olewa ikaenda kufungwa vyooni, na makomeo juu. Tulimwonya kwamba vitabu vitapotea, na kweli vikaanza kupotea. Kisha vikaanza kurudi, vina madoa ya chai na alama za vidole, naye akavipokea kwa furaha tusiyoielewa. Kitabu kisafi, alituambia, ni kitabu ambacho hakijasomwa.

Halafu akaanza kukaa dawati la nyuma. Hakuja kukagua. Alikuja na daftari na penseli, akajibana kwenye dawati la mtoto wa miaka minane, akafuata somo kama mwanafunzi. Mara ya kwanza kengele ilipolia alishindwa kutoka. Magoti yalikuwa yamekwama, ikabidi tumvute walimu wawili, darasa likituhesabia kwa pamoja.

Kabla ya kengele hiyo, nilikuwa nalifundisha darasa langu kutoa kwa kukopa. Nilipomaliza nikauliza lile swali letu sote, "Mmeelewa?" Darasa likaitikia "Ndiyooo!" kama ilivyo ada. Nyuma kabisa mkono mmoja ukanyooshwa.

"Mimi sijaelewa, mwalimu. Ile kumi tuliyokopa kwa jirani, tunairudisha lini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimefundisha hesabu hizo miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyewahi kuniuliza. Mtoto wa mbele aligeuka, akaona mtu mzima mzima hajaelewa na wala hakuchekwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye. Akafuata mwingine, na mwingine. Kumbe nusu ya darasa walikuwa wanaitikia tu kama kwaya. Tukaanza upya kwa vijiti vilivyofungwa kumikumi. Fungu lilipofunguliwa mezani, wakaona kwamba hakuna aliyekopa kwa mtu. Ni namba ileile imefungua mzigo wake.

Tangu hapo "Mmeelewa?" ikapigwa marufuku. Mwalimu aliyeteleza akaisema aliwapikia wenzake chai ya mapumziko. Mwalimu wa sayansi alipika muhula mzima, na chai yake, Mungu amsamehe, haikuboreka kama shule.

Miaka miwili ilipotimia, mkaguzi akaja. Aliketi darasani kwangu, akasikiliza somo hadi mwisho, kisha akasimama mwenyewe akauliza, "Mmeelewa?"

"Bado!" likajibu darasa zima.

Nilihisi shule imeshavuka barabara. Mkaguzi akamgeukia Mwalimu Mkuu, naye kule nyuma akamweleza kwa upole kwamba watoto wanaomba waelezwe tena, na chaki ipo pale. Mkaguzi akavua koti. Alieleza, akaulizwa. Akaeleza tena, akaulizwa zaidi, mpaka akaomba vijiti. Baadaye alimpa kila mtoto kitabu chenye madoa amsomee, akakaa hadi saa ya chakula. Langoni akatuambia, "Shule nyingi nilizopita wanafunzi wote wameelewa, ila hawajui kusoma. Hii ibaki."

Ikabaki. Leo kuna watoto wanaopita shule nyingine njiani ili waje kwetu.

Tusimpambe kupita kiasi. Anaimba vibaya, na kwa sauti. Mume wake, fundi cherehani, anasema neno "sijaelewa" hajawahi kulisikia nyumbani. Kule anaelewa kila kitu, hata kile ambacho yeye mume hajakisema. Tunampa pole mapema.

Jumatatu hii alikuja dawati la nyuma kama kawaida. Katikati ya somo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba ruhusa nitoke."

Nilijua anaomba nini. Machozi yakanitoka mbele ya wanafunzi, na sioni haya kuliandika. Darasa likajibu kwa niaba yangu, kwa maneno ninayowaambia kila siku wanapokwenda nje:

"Nenda, lakini usikawie."

Mama, ahsante kwa milango, kwa madoa, na kwa mkono ulionyooshwa. Tunakutakia afya njema, magoti mepesi na asubuhi zisizo na kengele. Dawati la nyuma halitakaa tupu. Walimu tumepangiana zamu, na ya kwanza ni yangu. Siku utakayokutana na jambo usilolielewa huko nje, rudi ukae. Fundi seremala amelipanua.