Neno Nana Lililobaki Nje ya Kamusi

Ndugu na majirani, baba yetu, ambaye kazini walimwita Fundi Maneno, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika nyumba za reli, mtoto wa nne wa seremala na mshona nguo, akasoma shule iliyokuwa nyuma ya karakana, kisha sekondari, ambako aliadhibiwa mara nyingi kwa kumsahihisha mwalimu.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa mhariri katika ofisi ya kamusi, akadumu huko hadi alipostaafu mwaka 2011, na jamani, ukaidi wake mnaujua, alishikilia kwamba neno haliingii mpaka lisikike kwa watu watatu wanaolitumia bila kuulizwa, na mhariri mwenyewe si shahidi.

Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa mama yetu, mpiga chapa wa ofisi hiyo, wakajaliwa watoto watatu, na tangu harusini alimwita Nana, neno la zamani la kumheshimu bibi mwenye nyumba, alilolirithi kwa nyanya yake. Neno hilo alilifuatilia kila mahali: muuza vitambaa alimwambia kwamba kwa Kihindi nana ni babu mzaa mama, fundi mitambo Mjapani akasema ni saba, na sista mmoja Mhispania akamwimbia, maana kwao ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Baba alirudi nyumbani akicheka kwamba kumbe ameoa babu wa watu.

Lakini kamusi ilipochapishwa, neno hilo halikuwemo, kwani shahidi alikuwa mmoja tu, naye ndiye mhariri. Mama alinuna wiki nzima, wala hatumlaumu, na baba lilimkaa rohoni hadi uzeeni.

Aliugua figo kuanzia Januari 2023, akalazwa tarehe 2 Mei, na kila mara mama alipochungulia wodini baba alimwita Nana kwa sauti ya kufika kantini, hata muuguzi naye akaanza, Nana karibu, na mgonjwa wa kitanda cha pili akadakia, Nana leo umechelewa. Baba aliinua vidole viwili, akatabasamu, akasema bado mmoja. Alifariki tarehe 17 Mei, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi yule, majirani mliopika na kufagia, na wenzake wa ofisini, wanaoandaa toleo jipya. Jana, nyumba ikiwa imejaa, kitindamimba wetu alimkuta mama amesimama peke yake jikoni, akamwambia bila kufikiri, Nana, njoo ukae, na mhariri mkuu wao, aliyekuwa akituoshea vikombe nje ya mlango, akafuta mikono na kutoa kalamu.

Limeingia, baba. Pumzika kwa amani.