Ambokile wa Ngonga na Mrija wa Kioo

Ndugu na majirani, leo, tarehe 14 Machi 1914, tunamzika Ambokile, kifungua mimba wa Mzee Lameck. Mimi Eliud, mdogo wake, nasoma haya kwa agizo lake: kilichomuua kitajwe wazi, ili asitafutwe mtu wa kulaumiwa.

Marehemu alizaliwa hapa Ngonga mwaka 1879. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1894 hadi 1897. Kusoma alikuweza upesi, kuimba kulimshinda. Mwalimu alimketisha karibu na mlango, sauti ipate pa kutokea.

Mwaka 1901 aliajiriwa katika maabara ya daktari mmoja Mjerumani aliyechunguza damu ya ng'ombe wagonjwa. Alipima maji ya zebaki, dawa yenye sumu ya kuulia vijidudu, kwa kuyanyonya kwa mdomo katika mrija wa kioo, kisha akayaachia chupani. Wengi waliikwepa kazi hiyo. Yeye alikulia kwenye chungu cha pombe, ambako wanaume wetu hunyonya kwa mrija wa tete na kumpa jirani bila tone kuanguka. Nimetembea hadi Blantaya na Bagamoyo, sijaona mnyonyaji kama yeye.

"Usimeze," daktari alimwonya.

"Bwana, kinachomezwa ni pombe tu."

Ubatizo ulimwachisha pombe, haukumwachisha mrija. Hakumeza kamwe. Lakini mvuke, na kile kidogo kilichobaki mdomoni, viliingia mwilini kwa miaka kumi.

Tarehe 22 Juni 1904 alifunga ndoa na Neli, mfinyanzi wa Ikombe, kando ya ziwa. Ng'ombe wa mahari walipofika, bibi harusi aliuliza, "Hawa nao umewapima damu?"

"Nimewapima. Ni wazima kuliko mimi."

Walicheka wote. Mwaka 1911 mikono yake ilianza kutetemeka, mate yakamjaa, meno yakalegea na kudondoka. Alisema sasa anacheza ngoma isiyopigwa. Ila hapa kwetu, kwa wakwe zake Neli, minong'ono ilianza, na Shangazi Damari akaisema mbele ya watu: "Huyu mwanamke wa ziwani katia dawa kwenye vyungu vyake. Arudi kwao."

Neli alianza kufunga mizigo. Marehemu alimzuia, akamwita Aliko, mwenzake wa maabara aliyenyonya mrija pia, kapera anayekula kwa mama yake kule Busale.

"Aliko, umewahi kula kwa Neli?"

"Hajanikaribisha hata siku moja."

"Fungua kinywa, Shangazi aone."

Aliko akafungua. Meno ya mbele hayakuwapo. Shangazi alichungulia kwa muda mrefu, akasema, "Mwe! Basi mama yake naye mfinyanzi?" Hata yeye mwenyewe akacheka, na mizigo ikafunguliwa.

Marehemu aliacha kazi, lakini alimsumbua daktari mpaka mirija ikawekewa kipira cha kubonyeza. Aliko hanyonyi tena. Figo za kaka yetu zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na zebaki. Alifariki nyumbani juzi alfajiri, Neli akiwa amemshika mikono.

Ameacha mjane Neli, mabinti wawili, Marta na Felista, baba yetu, mimi, na Shangazi Damari. Wali wa msiba huu umepikwa katika vyungu vya Neli. Shangazi ameuonja kwanza, akaongeza sahani ya pili.

Ndaga fijo, asante sana, kaka. Mungu akupe pumziko, na mikono yako itulie.