Don Baldomero Mansilla, Msemaji wa Samoni, Anastaafu kwa Sababu za Kiafya

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuisemea kampuni yetu ya kufuga samoni hapa kisiwani kwetu, Ghuba ya Puqueltrén, Don Baldomero Mansilla anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti. Uongozi umetuma udhuru kwamba hautafika kwenye chakula cha kumuaga. Kwa hiyo wasifu huu nimeuandika mimi, niliyekuwa nikimpigia chapa hotuba zake.

Alizaliwa hapahapa, mtoto wa wachuma kome. Kampuni ilipoleta vizimba vyake baharini, ilihitaji mtu anayeijua kila nyumba na kupendwa na kila bibi. Wakampa koti lenye nembo, gari, na kazi moja tu: kuhakikisha hakuna baya linalotokea. Likitokea, ahakikishe lina jina zuri.

Kwa hilo hakuwa na mpinzani. Dhoruba ilipopasua nyavu, maelfu ya samoni wakatoroka na kuwamaliza samaki wadogo wa ghuba, alitangaza redioni kwamba kampuni "imewachangia wavuvi wetu kitoweo." Simba-bahari walionasa nyavuni na kufa walikuwa "wageni wasiofuata utaratibu." Alipoulizwa kuhusu antibiotiki zinazomwagwa kwenye chakula cha samoni, alijibu kwa fahari kwamba samaki wetu wanatibiwa vizuri kuliko binadamu. Hapo alisema kweli. Wiki hiyo zahanati ya kisiwa haikuwa na hata dawa ya kikohozi.

Kisha kikaja kile kiangazi ambacho samoni walikufa kwa kukosa hewa, harufu ikaingia mpaka kanisani. Wapiga mbizi walishushwa kuwazoa bila kupumzishwa, na mmoja wao alipooza kwa ugonjwa wa mbizi, hatembei tena. Don Baldomero alimpelekea mke wa mpiga mbizi huyo jibini, samoni wa barafu, na maneno "tukio dogo la kikazi." Mama yule alipokea jibini tu. Tangu siku hiyo mzee wetu hakutuchekesha tena wakati wa kahawa.

Mapema mwezi huu kampuni iliomba kuongeza vizimba, kikaitishwa kikao cha wananchi. Dada yake, Elcira, ambaye bado anachuma kome, aliingia na ndoo ya tope jeusi lililotolewa chini ya vizimba, akaitua mezani mbele ya kaka yake. Ilinuka mayai viza.

"Kaka, hii nini?"

"Mashapo ya asili, Elcira. Yana rutuba."

"Rutuba? Haya, kesho namwaga kwenye viazi vyako, tuone utavuna nini!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Afisa wa serikali hakucheka. Akauliza, "Don Baldomero, chini ya vizimba kuna chochote kinachoishi?"

Jibu lilikuwa tayari, ukurasa mzima. Nililipiga chapa mwenyewe na lilikuwa zuri sana. Akalitazama, akalikunja.

"Hapana, bwana. Chini kule pamekufa. Nimejua siku nyingi."

Akaketi.

Ombi likakataliwa. Asubuhi yake uongozi ukagundua, kwa masikitiko makubwa, kwamba afya yake haimruhusu kuendelea na kazi. Tunaupongeza kwa jicho hilo la kitabibu, maana daktari wake mwenyewe mpaka leo hajauona ugonjwa wowote.

Vizimba vya zamani bado vipo, na kome sasa wanapatikana nje ya rasi tu. Jumamosi iliyopita Elcira alimpakia kaka yake mashuani. Hajamsamehe yote. "Wewe piga makasia, kaka," alimwambia pale gatini, sote tukisikia. "Kusema, umeshasema kwa niaba ya ukoo mzima."

Don Baldomero, asante kwa maneno yako mengi matamu, na asante zaidi kwa yale machache machungu. Nafasi yako imetangazwa: anatakiwa mzaliwa wa ghuba, anayependwa na watu. Hadi leo hakuna aliyeomba. Nenda ukapumzike, mzee wetu, na ulale usingizi mnono.