Waliosoma na Isidore

Benchi yetu iko mbele ya kibanda cha Mama Binti, karibu na soko la Kasongo, pale pikipiki zinapongojea abiria wa Kabambare. Asubuhi ile ya Jumatatu kahawa ya tangawizi ilikuwa moto, lakini Isidore hakuigusa. Sisi tunamwita Promo, kwa sababu kila habari yake inaanza na "promosheni yetu kule iniversite", maana yake wenzake wa mwaka mmoja chuo kikuu. Alisoma Kisangani zamani, akarudi kufundisha hapa. Juma lililopita alitangaza redioni kwamba wote waliosoma iniversite ile wakutane Jumamosi kwenye sale ya paroise, ukumbi wa kanisa. Siku hiyo akavaa koti, akapanga viti, akangoja mpaka jua likainama.

— Hata mumoja hakukuya? aliuliza Atumani, dereva wa pikipiki, tunayemwita Bila Freni.

— Hata mumoja.

— Walisikia, ndugu. Waliogopa hotuba yako!

Tulicheka. Yeye hakucheka.

— Ile iniversite ni mama yetu, alisema. Kwa Kilatini wanaiita hivyo, alma mater, mama mwenye kulisha. Watoto wa mama mumoja wanapotezana hivi?

Muhindo, mnunuzi wa dhahabu kutoka Butembo, jina lake la benchi ni Karati, kama kipimo cha dhahabu. Akadakia:

— Mama gani? Iniversite ni shimo ya zahabu. Unaingia, unachimba, unatoka. Nani alishaona muchimbaji anarudi kusalimia shimo?

— Wewe haukusoma.

— Ndiyo maana niko na amani.

Bila Freni akatia chumvi zaidi:

— Mimi nawaambia, ile diplome inatiwa dawa. Ukiishika tu, unasahau wenzako wote.

— Na Promo mbona hakusahau? aliuliza Karati.

— Yake dawa ilishachakaa!

— Mumuache baba wa watu, alisema Mama Binti.

Isidore alizungusha kikombe mkononi.

— Hapa watu wananiheshimu, sikatai. Lakini hakuna mutu naweza kumuambia, "Unakumbuka siku ile?" Nikitaja mwalimu wetu aliyetuchekesha, nacheka mimi peke yangu.

Ndipo pikipiki ikasimama, imejaa tope mpaka kwenye kiti. Akashuka mama mmoja, viatu mkononi.

— Hodi. Natafuta Papa Isidore wa kwa redio.

— Ni mimi, mama. Karibu.

— Munisamehe kuchelewa. Ninaitwa Apolline, natoka Wamaza. Daraja ilikatika, tukalala njiani siku mbili. Mukutano uliisha?

— Haukuanza. Ulisoma kule?

— Mimi hapana. Ni bwana yangu, Josué Kalonda. Alikufa mwaka jana. Nikasema, kwa mukutano wa wenzake asikosekane kabisa.

Isidore akasimama, akampa nafasi yake kwenye benchi.

— Ulimujua? aliuliza yule mama.

Tulimwona akitafuta kichwani. Angedanganya, sote tungemsaidia.

— Alisoma nini?

— Kilimo.

— Mimi historia. Labda tulipitana njiani. Lakini sikumujua, mama.

Apolline alipokea kahawa, akaishika bila kunywa.

— Alikuwa mutu wa kunyamaza. Nikimuuliza juu ya ile miaka, anatabasamu tu. Nilitaka kujua kitu kimoja. Kule, alikuwa na furaha?

Karati akaangalia vidole vyake. Bila Freni, ambaye ana jibu la kila kitu, akageukia pikipiki yake.

Isidore akakaa chini, karibu na miguu ya Apolline, amevaa koti lile la Jumamosi.

— Kila Jumamosi tulifua nguo kwenye muto, alianza. Wa Kilimo waliimba kuliko wote, walituharibia masikio. Na mutu wa kwetu Maniema akipata kifurushi cha kwao, hatukumuacha kula peke yake.

— Na Josué alikuwa kati yenu?

— Sijui, mama.

— Sema tu. Hata kama si yeye.

Akasema. Kuhusu mvua iliyowafungia darasani, kuhusu vicheko, kuhusu njia ya kwenda sokoni. Mara moja yule mama alicheka, halafu akajifuta macho kwa kitenge.

Birika ya kahawa ilipokwisha, Bila Freni alimpakia Apolline amrudishe Wamaza. Isidore alibaki barabarani.

— Josué Kalonda, alisema.

Akalirudia jina, akifumba macho, akitafuta uso. Halafu akafumbua, akatuangalia sisi wa benchi, akarudi kukaa kati yetu.