Kanda Iliyolishwa Uji

KINYOZI: Haloo, haloo! Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, mashine inanguruma hapa.

MAMA CHIRIKU: Haloo? Naongea na Kinyozi?

KINYOZI: Ndiye. Kichwa kimoja au watoto wa shule? Maana leo foleni—

MAMA CHIRIKU: Si kunyoa. Habari za kazi, shemeji.

KINYOZI: Nzuri... Shemeji? Mimi shemeji yako kwa nani?

MAMA CHIRIKU: Kwa Nyundo. Mimi ni mkewe. Nilikuwa. Siku hizi wananiita Mama Chiriku, kwa mtoto.

[Mashine ya kunyolea inazimwa.]

KINYOZI: Shemeji... Namba yangu umeipata wapi?

MAMA CHIRIKU: Ndani ya kasha la kanda. Imeandikwa "Kinyozi", halafu namba, halafu "usipoteze". Mwandiko wake.

KINYOZI: Usipoteze.

MAMA CHIRIKU: Ndivyo alivyoandika.

KINYOZI: Shemeji, kuhusu mazishi, mimi nilitaka—

MAMA CHIRIKU: Sikupiga kwa hayo. Nina salio dogo, na mtoto leo siku ya pili hajalala. Nisaidie jambo moja tu. Wewe unazijua zile nyimbo zenu za makelele.

KINYOZI: Makelele! Haya. Mzee, samahani, nipe dakika, nakuja kumalizia upande wa pili... Endelea, shemeji.

MAMA CHIRIKU: Kuna kanda inayomlaza Chiriku. Ilikuwa ndani ya redio tangu wiki ya msiba, sikuitoa. Alipozaliwa akawa analia mchana kutwa, siku moja nikabonyeza tu kwa kuchoka, akanyamaza. Tangu hapo bila hiyo halali. Sasa juzi redio imeitafuna.

KINYOZI: Imeitafunaje?

MAMA CHIRIKU: Imelishwa uji.

KINYOZI: Na nani?

MAMA CHIRIKU: Na Chiriku! Kafungua kile kimlango, katia kijiko kizima. Redio anaiita "Baba". [Anacheka kidogo.] Sikumfundisha mimi. Ikianza tu kuimba, "Baba". Basi akaona Baba hajala.



KINYOZI: Ana umri gani sasa?

MAMA CHIRIKU: Mwaka na miezi mitatu. Utepe umetoka kama utumbo wa kuku. Nimeuosha, nimeuanika kwenye kamba ya nepi, wapi! Nataka kununua nyingine, na kasha halina jina la waimbaji. Muuza kanda akaniuliza, "Roki ya aina gani? Panki, gothi au metali?" Nikamwambia nataka ya kulaza mtoto. Walicheka pale dukani mpaka jirani akatoka kutazama.

KINYOZI: Hata mimi ningecheka. Niambie inavyolia. Ngoma kwanza. Zinakimbia?

MAMA CHIRIKU: Hazikimbii. Dum... [Anapiga meza.] Dum... ta. Dum... dum... ta.

KINYOZI: Basi si panki. Panki inakimbia kama mwizi aliyesikia filimbi. Dakika mbili imekwisha, kila mtu jasho tupu. Gitaa je? Zito, kama lori linapanda mlima?

MAMA CHIRIKU: Si zito. Linalia kwa mbali, kama liko ndani ya tangi tupu.

KINYOZI: Mwangwi. Hapo umeshatoka kwenye metali. Maana ipo metali ya kujikokota, inakwenda polepole kama jeneza linashushwa— samahani.

MAMA CHIRIKU: Endelea tu.

KINYOZI: Hata hiyo, gitaa lake linakulalia kifuani. Lakini ukisikia baridi, ukisikia nafasi, besi inatembea mbele na gitaa linanyunyizia tu pembeni, hiyo gothi. Gothi ni mtoto wa panki, shemeji. Panki alilala na hasira, akaota ndoto mbaya, alipoamka akawa anatembea taratibu.

MAMA CHIRIKU: Basi nikamwambie gothi.

KINYOZI: Ngoja, usiwe na haraka. Mwimbaji anafoka? Au ananguruma kutoka tumboni?

MAMA CHIRIKU: Ananguruma? Kuna watu wanalipwa kwa hilo?

KINYOZI: Metali ya mauti hiyo. Akikwaruza koo kama paka kabanwa na mlango, ni metali nyeusi.

MAMA CHIRIKU: Mungu aepushe. Huyu sauti yake nene, laini, inatiririka. Maneno machache, mengi ni kuguna tu. Ila kuelekea mwisho ngoma zinachachamaa ghafla, tararararara, halafu zinatulia kama zimekatazwa.

KINYOZI: Rudia hapo.

MAMA CHIRIKU: Tarararara—

KINYOZI: Kama miguu miwili inakanyaga kwa zamu?

MAMA CHIRIKU: Hivyo hivyo.

KINYOZI: Hiyo ni ngoma ya metali. Ndani ya gothi. Hakuna anayefanya— Haloo?

MAMA CHIRIKU: Nipo, ni mtandao unakwaruza.

KINYOZI: Shemeji, Nyundo alikwambia ni nani wanaimba?

MAMA CHIRIKU: "Kundi fulani tu, huwajui." Na kulisema hilo alitumia nusu ya asubuhi. Unamkumbuka alivyokuwa.

KINYOZI: Kigugumizi kile! Siku ya kwanza anajitambulisha, tulidhani anaitwa Nyunyu.

MAMA CHIRIKU: Mimi aliponiposa, nilishakubali na yeye bado yuko kwenye "ni-ni-ningependa". Ndiyo maana alipenda ngoma. Alisema ngoma hazimsubiri mtu amalize.

KINYOZI: Shemeji, mwanzoni kabisa. Kabla ya ngoma. Kuna mtu anahesabu?

MAMA CHIRIKU: Yupo. Ila hapo kanda ilikuwa mbovu tangu zamani, inarukaruka. "Moja, mbi, mbi, mbi." Kisha inashika, "mbili, tatu."

[Mtandao unakwaruza.]

KINYOZI: Kanda haikuwa mbovu.

MAMA CHIRIKU: Haikuwa mbovu vipi? Kila siku inaruka palepale, mbi, mbi—

[Anarudia kwa kunong'ona: mbi, mbi.]

MAMA CHIRIKU: Hapana.

KINYOZI: Shemeji.

MAMA CHIRIKU: Yeye alikuwa mpiga ngoma. Huyu anaimba moja kwa moja, hakwami popote.

KINYOZI: Akiimba hakuwa anakwama. Alikuwa na haya tu. Aliimba siku ile moja, tukiwa wawili, chumba kimefungwa.

MAMA CHIRIKU: Mwaka mzima na zaidi... Na mtoto alijua. Siku ya uji nilimpiga kidole. Nikamwambia, "Si Baba, hiyo redio."

KINYOZI: Usilie, shemeji. Wimbo ulikuwa wangu. Panki safi. Yeye akaupunguza mwendo. Akasema ukija mazoezini mtoto tumboni anarusha mateke, anataka wimbo wa kumtuliza. Nikamwambia panki haibembelezi watoto. Nikamwambia umeuua wimbo wangu. Nikabeba gitaa nikaondoka. Ilikuwa Jumanne.

MAMA CHIRIKU: Na Ijumaa...

KINYOZI: Na Ijumaa. Ndiyo. Ningekuja mazishini na uso gani?

[Mtoto analia kwa mbali.]

MAMA CHIRIKU: Mlitoa kanda ngapi?

KINYOZI: Mbili.

MAMA CHIRIKU: Ya pili iko—

KINYOZI: Hapa. Kwenye droo, chini ya nyembe. Sijawahi kuisikiliza.

MAMA CHIRIKU: Iweke.

KINYOZI: Sasa hivi? Nina mzee wa watu hapa nusu kichwa—

MAMA CHIRIKU: Kinyozi, simu inanionya, salio linaisha. Iweke!

KINYOZI: Haya, haya. Mzee, nizime kidogo taarifa ya habari redioni... Eti? Anasema anasikia tangu mwanzo, niweke upesi.

[Droo inavutwa. Kitufe kinabonyezwa. Utepe unavuma.]

MAMA CHIRIKU: Chiriku, njoo. Njoo hapa kwa mama, weka sikio.

KANDA: Moja, mbi, mbi, mbi—

MTOTO: Baba!

KANDA: —mbili, tatu.

[Dum. Dum. Ta.]

MAMA CHIRIKU: Ndiyo, mwanangu. Ndiye. Ni Baba. Unaenda wapi? Chiriku! Kinyozi, kakimbilia bakuli— jamani, kijiko, anakuja na kijiko— Chiriku, si kwenye simu!

KINYOZI: Mwache.

MAMA CHIRIKU: Itaharibika, ndiyo simu pekee—

KINYOZI: Kesho asubuhi naileta kanda mwenyewe. Mwache, shemeji. Mwache amli—

[Salio limekwisha.]