Banda la Kijani

Mgeni rasmi, viongozi mlioketi meza kuu, wazazi na majirani, karibuni sana. Tumefurahi kukuona, mgeni rasmi, na tunaomba radhi mapema kwa mwandiko uliopinda. Risala ya kwanza ilipigwa chapa vizuri kabisa. Hii tumeiandika upya ulipokuwa ukisaini kitabu cha wageni, na sababu utaisikia sasa hivi.

TULIKOTOKA

Zamani maji machafu ya zahanati, shule na nyumba zetu yalishuka mtaroni hadi ziwani, na ziwani hapohapo ndipo tulipochota ya kunywa. Tulijua, tukanyamaza, mazoea yana taabu. Mwaka ule wa kuhara tulizika watoto. Mama mmoja wa hapa, ambaye leo sote tunamwita Mama Matete, alizika mjukuu wake wa pekee. Machozi hayajakauka, akachukua jembe akaanza kuchimba shimo la kuyazuia maji yale, hata kabla mafundi hawajafika na mabomba.

TULICHONACHO

Mafundi walijenga tangi la kutuliza tope, na upande wake wa chini, kitalu cha changarawe. Maji hutoka tangini, yakapita polepole kwenye changarawe na mizizi ya matete, na mizizi hiyo ndiyo inayosaidia kuyasafisha. Yanayotokea upande wa pili hayanuki.

Matete yale aliyapanda Mama Matete mwenyewe, shina kwa shina, magoti yakiwa topeni. Akiyapalilia huyasemesha: "Kunyweni, wanangu, msione haya." Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Siku hizi hatumcheki, maana lile benchi la watoto wa kuhara pale zahanati, mganga sasa anawekea mwavuli wake.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo penye kazi. Mgeni rasmi, ulipofika ulitazama juu ukasema, "Banda zuri, la kijani! Mmelipata wapi?" Tukapiga makofi badala ya kujibu. Tunajibu sasa: umekaa chini ya mtambo wetu.

Jana jioni kamati ya mapambo ilitumwa matete. Ya ziwani yana kiboko. Ya kitaluni yapo karibu, marefu, yamenyooka. Basi vijana wakayang'oa na mizizi yake, wakaifunga kwa magunia mabichi ili yasinyauke kabla hujafika. Nia ilikuwa njema, akili ndiyo ilibaki nyumbani. Nasi watu wazima tulikuwa tukipita pale, tukasifu.

Mama Matete alikuwa kwa binti yake aliyejifungua. Amerudi leo asubuhi. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mpwa wake, alimwahi njiani.

"Shangazi, si majani tu hayo? Yataota mengine."

"Yataota lini, mwanangu? Na mpaka yaote, watu waache kwenda chooni?"

Kisha akakaa chini palepale akalia. Tuliona aibu, mgeni rasmi, hatukujua pa kuweka nyuso.

MAOMBI

Tulikusudia kukuomba mabomba ya mtaa wa juu. Hayo yanaweza kungoja. Mizizi haingoji, magunia yameanza kukauka na jua linapanda. Yakifa matete haya, tunarudi kulekule tulikotoka. Tulipanga pia kukuonyesha glasi ya maji yanayotoka kitaluni. Leo yanatoka ya kijivu. Utaonyeshwa hivyohivyo, tusidanganyane.

Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima zote wala si kwa kukosa adabu, hotuba yako iwe fupi. Ukimaliza, tunaomba uwe wewe wa kwanza kusimama, kwa kuwa hakuna hapa atakayethubutu kubomoa banda mgeni akiwa bado ameketi. Kwaya itaimba huku tukibeba. Kile kiti kitupu cha mbele kilikuwa cha Mama Matete. Hakuja kukikalia, yuko kitaluni, ameshachimba mashimo, anatungoja. Ukipenda kubeba japo shina moja, tutakushukuru maisha.

Mungu akupe afya, akufikishe salama kwa wanao, na akukinge kichwa na jua hili tutakalokuachia sasa hivi.

Ni sisi,
Kikundi cha Watunza Kitalu cha Matete, pamoja na Kamati ya Mapambo.