Darla Wiersma na Mpira Uliopaswa Kutoka Nje

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae kidogo. Kama unaosha vyombo, endelea kuosha, masikio hayana kazi nyingine. Leo tunamkumbuka Darla Wiersma. Darla Wiersma, aliyekuwa kocha mkuu wa timu ya soka ya wanawake ya Chuo cha Prairie Bend, hapa kwetu kaskazini mwa Iowa. Amefariki Jumanne, nyumbani kwake, baada ya moyo kumsumbua muda mrefu. Alifundisha misimu ishirini na minne. Timu moja tu, wasikilizaji. Hakuhama, na wala hakuna aliyekuja kumtaka.

Mkiniambia nimweleze kwa neno moja, nitasema alichoka. Simdharau. Mwenyewe ukimsalimia dukani, "Kocha, habari za leo?" atakujibu, "Nimechoka, wewe je?" Na alikuwa anasema kweli tupu.

Watu wanadhani kocha ni mtu wa kusimama pembeni na filimbi shingoni. Thubutu! Darla ndiye aliyepiga chokaa mistari ya uwanja. Ndiye aliyefua vizibao vya mazoezi. Ndiye aliyeendesha basi dogo la timu, mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, upepo wa mashambani ukilisukuma ubavuni. Vyuo vikubwa vina benchi la ufundi la watu sita, saba. Benchi la ufundi la Prairie Bend lilikuwa Darla na ndoo ya barafu. Msimu ukiisha, anaanza kuzungukia shule za sekondari kutafuta wachezaji. Anakaa jikoni kwa watu, anakula alichoandaliwa, anawaambia wazazi, "Nipeni binti yenu miaka minne. Nitamrudisha na akili zaidi na magoti yote mawili." Ahadi ya magoti si kila mara aliitimiza.

Mume wake, Merle, ni fundi wa mashine za kuvunia mahindi. Nilikwenda kwake juzi kumpa pole. Akanimiminia kahawa, akaniambia, "Mimi nilioa mke, nikaletewa na basi. Kila Jumapili yumo ndani ya lile basi anafagia maganda ya alizeti waliyotema wale wasichana. Nikimwita, bibie, njoo ule, anasema nakuja. Chakula kinapoa. Napasha moto, kinapoa tena. Mwisho nikawa nakula naye huko huko kwenye basi."

Sasa nisikilizeni. Kitu kimoja Darla alikitaka, nacho ni msaidizi. Basi. Mtu wa pili wa kumshikia ndoo, wa kuendesha wakati yeye anasinzia, wa kukumbuka anachosahau. Mkono mmoja haulei mwana, na hapa wana walikuwa ishirini na watano. Kila mwaka aliomba. Na kila mwaka mkurugenzi wa michezo wa wakati ule, ambaye simtaji na sina hamu ya kumtaja, alimjibu yale yale: "Darla, ifikishe timu kwenye mtoano, halafu tutazungumza." Mtoano ni wa timu nne za juu za ligi yetu, baada ya msimu kwisha. Prairie Bend ilikuwa haijawahi kufika. Haijawahi kufika hata mara moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yule bwana aliubeba mzigo wa Darla kwa raha kabisa, akiwa amekaa kwenye kiti.

Ukaja msimu wa kumi na sita. Mwaka ule timu ilikuwa na nahodha aitwaye Kelsey Brandsma, beki wa kati, mwaka wa nne, binti wa wafuga nguruwe, ulimi kama wembe. Na ilikuwa na mshambuliaji wa mwaka wa kwanza, Marisol Quezada, mbio zake hata upepo wetu huu haumpati. Wakashinda mechi ambazo hatukuzoea kushinda. Ikabaki mechi moja, ugenini, kwa Chuo cha Mount Harlan. Wakishinda, wanaingia mtoano. Wakitoka sare, wanarudi nyumbani. Hesabu ndiyo hiyo, na kila mtu mjini aliijua, hadi mchungaji aliitaja kanisani.

Siku ya safari Darla aliamka alfajiri akakuta tairi la basi limelala chini. Akalibadilisha mwenyewe, Kelsey amemshikia tochi. Wametoka mjini, binti mmoja akakumbuka viatu vyake viko bwenini. Wakarudi. Wamefika Mount Harlan, mechi iko karibu kuanza, na uwanjani kumejaa maua.

Ilikuwa Siku ya Mwaka wa Nne. Mnaijua. Mechi ya mwisho ya nyumbani, wanaohitimu wanaingia uwanjani na wazazi wao, mama ana maua, baba anajifanya hana machozi. Na mnajua pia desturi yetu. Kama kuna mhitimu aliyeumia msimu mzima, siku hiyo anaanza mechi. Anagusa mpira wa kwanza, anawapasia wapinzani, wapinzani wanautoa nje, watu wote wanapiga makofi, anatoka. Halafu mechi ya kweli inaanza. Haimo kwenye sheria yoyote. Makocha wanapeana mkono tu.

Kocha wa Mount Harlan, Rhonda Pruitt, akamkimbilia Darla pale pale anaposhusha ndoo. "Darla, nina mchezaji wangu wa mwaka wa nne, Paige. Goti lake limekwisha tangu Agosti. Ataanzisha mpira, atawapasia ninyi, mtautoa nje. Sawa?"

"Sawa kabisa," Darla akasema. "Nawaambia wasichana sasa hivi."

Wakapeana mkono. Darla akageuka aende kwa wasichana wake. Njiani golikipa akamjia na kidole kimevimba, akamfunga plasta. Chupa za maji zilikuwa hazijajazwa, akazijaza. Refa akamwita aje ahakikishe namba za jezi, akaenda. Filimbi ikapigwa.

Hakuwaambia. Alisahau, wasikilizaji wapendwa. Hakuwaambia.

Paige akaugusa mpira, goti limefungwa chuma, akausukuma mbele. Ukamfikia Marisol. Wasichana wa Mount Harlan wote wamesimama wanapiga makofi. Golikipa wao naye anapiga makofi na glavu zake, yuko mbali na lango. Marisol, mtoto wa mwaka wa kwanza, kwao hawana desturi hiyo, aliona lango wazi. Akakimbia, akapiga. Goli.

Makofi yakakatika. Marisol anakimbia amekunjua mikono, anageuka awakumbatie wenzake, hakuna anayemfuata. Mama yake Paige amesimama pale pembeni, maua mkononi. Refa akaonyesha kati. Goli lilikuwa halali, sheria haikuwa na shaka nalo. Rhonda hakupiga kelele. Alimwangalia tu Darla, akamwambia, "Ulisema sawa."

Kelsey mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Darla aliwaita wote pembeni. Uso wake, anasema Kelsey, ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nimesahau," akawaambia. "Nilimwahidi Rhonda mtautoa mpira nje, nikasahau kuwaambia. Kosa ni langu. Marisol hana kosa. Mmesikia? Hana kosa. Sasa wakianza, simameni. Waacheni wafunge."

Kelsey akasema, "Kocha, kosa ni lako, sawa. Mbona tunalipa sisi?"

"Sina jibu, Kelsey."

"Miaka minne nimelala kwenye basi lako nikiingoja siku hii."

"Najua."

"Na msaidizi wako je? Si unamtaka?"

"Namtaka kuliko ninavyoutaka usingizi," Darla akasema. "Simameni."

Wakasimama. Kelsey alisimama amekunja mikono, ameupa mpira mgongo, hakutaka kuona. Mount Harlan wakatembea nao hadi langoni wakausukuma ndani. Ikawa sare, moja kwa moja. Hawakushangilia.

Baada ya hapo Prairie Bend walicheza kama watu waliopandwa na wazimu. Kelsey alipiga kichwa, mpira ukagonga mwamba. Marisol aliangushwa, akaamka, akaangushwa tena. Muda ukaisha. Muda wa nyongeza nao ukaisha, honi ikalia. Sare, moja kwa moja. Hawakuingia mtoano. Nasema tena, hawakuingia.

Kurudi, Darla ndiye aliyeendesha. Nani mwingine? Marisol alilia tangu getini. Kwenye kituo cha mafuta Darla alisimama, akanunua pitsa, kipande cha kwanza akampa yeye. "Kula," akamwambia. "Lilikuwa goli zuri sana. Ila halikuwa letu." Wengine hawakugusa. Ile pitsa ilifika Prairie Bend imeganda, Merle akailisha mbwa.

Mkurugenzi wa michezo akasema, hamkufika mtoano. Na msaidizi hakupatikana. Darla akafundisha misimu minane mingine peke yake, na Prairie Bend haikukaribia tena hata nafasi ya sita. Kuna waliomsifu kwa siku ile, magazeti mawili yaliandika. Merle anasema alikuwa hapendi kusikia. "Mtu akimwambia, Darla, wewe ni mfano wa kuigwa, anaondoka mezani. Aliniambia, Merle, mimi si mfano wa kitu. Mimi nilisahau kusema sentensi moja, watoto ishirini na watano wakakosa walichokifanyia kazi."

Kelsey alihitimu bila kumuaga. Akarudi shambani kwao. Wachezaji wa zamani wakikutana kila vuli, yeye hayupo. Miaka ikapita. Darla akastaafu, moyo ukaanza kumwangusha.

Siku moja mwaka jana Kelsey alisimamisha pikapu yake nje ya nyumba ya Wiersma. Macho ya Merle siku hizi si mazuri, hawezi kuendesha mwendo mrefu. Darla alikuwa anatoka na funguo mkononi.

"Nani anakupeleka hospitali?" Kelsey akauliza.

"Najipeleka."

"Sogea, Kocha."

Tangu siku hiyo, kila wiki, Kelsey ndiye aliyemwendesha. "Usifikiri tulikuwa tunaongea," ananiambia. "Alikuwa anafunga mkanda, tukitoka tu kwenye barabara ya changarawe amelala fofofo, mpaka hospitali. Namwamsha. Kurudi, hivyo hivyo. Mimi nililala miaka minne yeye akiendesha, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Halafu siku moja, tumekaribia nyumbani, akafumbua macho. Akaniuliza, Kelsey, lile swali lako bado unalo? Nikasema ninalo. Akasema, mimi pia. Nimelitafutia jibu miaka yote hii, sijalipata. Nikamwambia, Kocha, lala."

Hapo mimi nikaangalia dirishani kidogo. Imeniuma, sitawaficha.

Jumamosi tulimzika. Mikate ya nyama ya nguruwe ukumbini mwa kanisa, kahawa nyepesi kama kawaida yetu, halafu watu wote wakashuka uwanjani. Timu ya chuo ilikuwa icheze na wachezaji wa zamani kwa heshima yake. Marisol alikuja, sasa ana watoto wawili. Na mwanamke mmoja alikuja kutoka mbali, anachechemea kidogo. Paige. Hakuna aliyemwalika. Kelsey akamwona, akaenda kuzungumza naye, akamletea jezi.

Halafu nilimwona Kelsey akipita kwa kila mtu. Kila mtu, wasikilizaji. Alianza na golikipa. "Mpira ukianza, Paige anampasia Marisol, Marisol anautoa nje, tunapiga makofi. Umesikia? Hebu niambie nilichosema." Akienda kwa mwingine, ni yale yale. Akawaambia wa timu ile na wa timu hii. Akawaambia walioko benchi. Akamwambia refa. Akamfuata Merle kwenye kiti chake.

"Mimi sichezi," Merle akasema.

"Najua huchezi. Nisikilize."

Akamwambia naye, na Merle akayarudia, neno kwa neno.

Filimbi ikalia. Paige akampasia Marisol. Marisol akausimamisha, akautazama kidogo, akautoa nje.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii na wote mnaotusikiliza, tunampa pole Merle Wiersma. Tunawapa pole mabinti wote wa misimu ishirini na minne, Kelsey na Marisol wakiwemo, na hata wale waliokaa kimya hadi leo. Mungu ampumzishe Darla, maana kupumzika hapa duniani hakukupata.

Na wewe unayesikia, tafakari kidogo kabla hujazima redio. Kama kuna neno umeahidi kulifikisha kwa mtu, lifikishe leo, filimbi haijalia. Na kama yuko mtu anayekuendesha miaka yote, naye anasinzia na bado ameshika usukani, nenda kamwambie asogee.